Mawe ya Mto Nyuma ya Nyumba ya Mariat

«Na maji yatapita wapi?»

Mariat aliuliza hivyo akiwa amesimama kwenye kona ya nyumba yake, mikono imejaa unga wa ngano, siku ile wanaume wa kijiwe walipokuwa wanashindilia udongo kwa miguu nyuma ya ukuta wake huku wanaimba. Swali lilipita katikati yao kama mbuzi anayejipitia sokoni. Wakaliachia njia, wakaendelea kuimba. Afande Enoka ndiye aliyetoa sauti, na sauti yenyewe haikuwa jibu: «Mama Naimah, hii ni kazi ya umma. Leta chai.» Chai ikaletwa. Ilikuwa na maziwa, ilikuwa na tangawizi, na hakuna aliyeikataa.

Kijiwe chenyewe kiko Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, pale barabara ya vumbi inapokata kona kupanda kwenye mashamba ya kahawa. Barabara iko juu. Nyumba ya Mariat iko chini yake, imejibanza kwenye mteremko, kisogo kimeelekea barabarani. Kati ya barabara na kisogo hicho kuna kipande cha ardhi chembamba, na hapo, chini ya kivuli cha bati la Mariat, kuna benchi. Si benchi la mchezo. Miguu yake imezama kwenye mawe ya mto yaliyopangwa vizuri na kushikwa kwa saruji, utadhani ni kaburi la chifu. Pembeni Siraje anachemsha kahawa kwenye jiko la mkaa. Juu ya benchi hukaa wenyewe: Afande Enoka, aliyestaafu jeshi lakini jeshi likakataa kumstaafu yeye, Huzaifa, wanayemwita Duwane, yaani forodha kwa Kifaransa cha Kongo, kwa kuwa anapitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya Mpondwe na hana hoja isiyovuka mpaka, na Jonan, jina lake la kijiweni Sululu, kibarua wa ujenzi mwenye mabega ya kubebea zege, na macho ambayo asubuhi hiyo hayakutaka kupanda juu ya magoti yake.

Alfajiri hiyo, siku nyingi baada ya chai ile, ardhi ilikuwa imetetemeka. Watu wa chini ya milima ya Rwenzori wameyazoea matetemeko: sufuria zinalia, mbwa ananyamaza, mtu anageukia upande wa pili na kulala. Lakini safari hii mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na kulipokucha ukuta wa nyuma wa Mariat ulikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari mpaka chini, mpana wa kuingiza kidole, na ukuta wenyewe ulikuwa umesukumwa ndani kama tumbo la mwenye njaa. Nyuma ya tumbo hilo ndipo kilipo kitanda cha Naimah, binti wa Mariat, aliyejifungua kwa kupasuliwa na bado anatembea ameshika ukuta. Kando yake kuna kichanga ambacho hata jina hakijapewa.

Mariat aliwajia akitoka kwenye mkeka wa swala.

— Nyinyi ndio wanaume ya hapa, alisema. Munikalie kikao. Munambie hii ukuta iko na nini, na binti yangu abaki ao atoke. Huko juu mawingu inaanza kufunga tena.

— Rudi ndani, Mama Naimah, alisema Afande. Hii maneno iko mikononi mwetu.

Haikuwa mikononi mwao. Ilikuwa chini ya makalio yao, na Jonan alilijua hilo kama anavyojua jina lake la ubatizo. Hata hivyo alikaa. Wote walikaa.

— Kikao kimefunguka, Afande alisema, akanyoosha kikombe. Siraje, jaza. Kitu ya kwanza: adui ni nani?

— Malori, alisema Duwane. Angalia ile foleni ya Mpondwe. Lori inalala pale, injini inanguruma mpaka asubuhi. Ile mutetemo yote inaenda wapi? Inakuja huku kwa Mama Naimah.

— Malori iko chini kule. Mutetemo itapanda mulima?

— Afande, mutetemo haina goti yenye kuuma kama wewe. Inapanda tu.

— Mimi nalala karibu na foleni, Siraje akasema, na nyumba yangu haina ufa.

— Yako haina ufa kwa sababu haina ukuta! Ni miti, na matope, na dua.

— Dua inashika kuliko saruji, wewe Duwane.

Wakacheka. Jonan naye akacheka, akachelewa kidogo, kama mtu anayeitikia amina baada ya wenzake kukaa.

— Kimya! Afande akapiga paja. Mimi nimekaa kambi Katwe. Pale watu wanatoa chumvi tangu babu ya babu. Chumvi inatoka wapi? Chini. Ukitoa kitu chini, chini inabaki nini?

— Chini, alisema Duwane.

— Shimo! Na shimo haikai mahali moja. Inatambaa. Kidogo kidogo. Saa hii imefika Bwera, imelala chini ya kitanda ya Naimah.

— Kutoka Katwe mpaka hapa?

— Haba na haba hujaza kibaba, kijana.

— Mukubwa, hiyo methali ni ya kujaza. Wewe unaongea shimo.

— Na shimo si inajaa? Inajaa upepo. Ndiyo ile kishindo ulisikia.

Duwane hakukubali kushindwa na chumvi. Alisogea mbele, akaweka kikombe chini, akatumia mikono yote miwili.

— Bon. Sasa sikilizeni kitu ya kweli. Kongo inavuta huku, Uganda inavuta kule. Hata redio ilisema: ardhi inapasuka katikati. Mupaka watu wanafikiri ni ile mto Lhubiriha. Uongo! Mupaka ilihama. Iko inapita hapa. Hii ufa munaona ndio mupaka yenyewe!

— Ati nini?

— Naimah kichwa iko Uganda, miguu iko Kongo. Na ile mutoto, musipoangalia, duwane watakuja kumulipisha ushuru.

Hapo hata Siraje alilazimika kushika birika kwa mikono miwili. Afande alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na Jonan akainama kumwokotea. Alipoinama aliona kitu. Udongo pembeni ya jiwe la benchi ulikuwa unang'aa. Aliubonyeza kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo, kikatoka na maji.

Akakifuta kwenye suruali, haraka, kama mtoto aliyelamba sukari.

Aliyajua mawe yale. Aliyabeba kutoka mtoni kwa kichwa chake mwenyewe, Mariat alipokuwa anajenga. Mama huyo alikuwa ameuza vitenge pande zote mbili za mpaka miaka na miaka kabla ya kununua tofali la kwanza, na alipokuwa tayari hakuanza na tofali. Alianza na binti mmoja kutoka Kasese, Immy, mpima udongo, aliyekuja na gambuti na chuma cha kutoboa ardhi. Kijiwe kizima kilimcheka. Nani analipa mtu kuja kumwambia kwamba chini kuna udongo? Immy hakujali. Alifinyanga udongo wa pale kiganjani mpaka ukawa kama kamba, akamwonyesha Mariat, na Jonan alikuwa amesimama karibu na koleo lake.

«Huu ni udongo wa mfinyanzi,» Immy alisema. «Ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja. Na mlima wote huu unamwagia nyumba yako mgongoni. Tetemeko likikuta udongo mkavu, linaitikisa nyumba na kwenda zake. Likikuta umelowa, udongo unageuka uji. Nani anasimama kwenye uji?»

Akaagiza mawili. La kwanza, mkanda wa zege uzunguke kuta zote juu ya madirisha, ili nyumba ikitikiswa itikisike kwa pamoja, si kila ukuta kivyake. La pili, mtaro nyuma ya nyumba, kwenda chini kuliko msingi, ujazwe mawe ya mto, uinamie upande wa korongo, ili maji ya mlima yakifika yapite pembeni bila kubisha hodi. «Na mtaro huu usifunikwe,» alisema, akiwageukia vibarua. «Mawe haya yana kazi. Msije mkadhani yamelala.»

Jonan aliyapanga mwenyewe, makubwa chini, madogo juu. Immy alimpa mkono. Alikuwa hajawahi kupewa mkono na mtu wa ofisi.

Na Jonan huyo huyo ndiye aliyeyang'oa.

Kulikuwa na tetemeko dogo, zamani kidogo kabla ya hili. Benchi la wakati ule lilikuwa la mbao tupu, limesimama kwenye mteremko kama mlevi, na likamwangusha Afande na kahawa yake ya moto. Kijiwe kikakaa kikao. Ikaonekana hatari ni kubwa: nchi ya matetemeko, na wazee wanakalia benchi lisilo na msingi! Mtu akasema, mbona mawe yapo? Yamezikwa hapo nyuma ya Mariat, mazuri, ya duara, hayafanyi kitu. Nani anazika mawe? Maiti ndiyo inazikwa. Wakatangaza bulungi bwansi, kazi ya umma, ile ya kusafisha njia na visima. Wakamwita Sululu awaongoze, kwa kuwa yeye ni mtu wa saiti. Aliongoza. Siku ile nzima walimwita injinia. Waling'oa mawe, wakayajengea benchi msingi, na mtaro mtupu wakaujaza udongo waliochonga ukingoni mwa barabara, wakaushindilia kwa miguu na nyimbo. Udongo wa mfinyanzi, juu ya njia ya maji, mgongoni mwa nyumba ya mwanamke. Wanaume wazima.

— Sululu! Afande alimwita. Umekaa kama mutu anasubiri hukumu. Wewe ndio fundi wa hapa. Sema, ukuta iko na nini?

Wote wakamgeukia. Kahawa ilikuwa inachemka taratibu. Jonan alifungua mdomo, na neno lilikuwa hapo, fupi, lenye herufi chache: mtaro. Alilihisi kwenye meno.

— Theluji, alisema.

— Theluji?

— Theluji ya huko juu. Inaisha. Kila mutu anajua inaisha. Sasa, theluji ni muzigo. Mutu ukimutua muzigo kichwani anafanya nini? Ananyooka. Mulima nao unanyooka. Ukinyooka, sisi huku chini kwa miguu yake tunavutika kama shuka.

Kisha Duwane akapiga makofi.

— Hii sasa ni elimu! Mulima unanyooka mugongo! Siraje, mupe Sululu kahawa, ni juu yangu.

— Mutu ya saiti ni mutu ya saiti, alisema Afande kwa heshima.

Kikombe kikaja. Jonan akakipokea kwa mikono miwili, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Kusema uongo ni kitu kimoja. Kusifiwa kwa uongo huo, na kununuliwa kahawa, huku umekalia ukweli na unakulowesha suruali, hicho ni kitu kingine, na hakina jina hata kwa Lhukonzo, lugha ya kwao.

— Kwa hiyo kosa si ya mutu, alisema Siraje.

— Iko! Afande akanyanyua kidole. Yule binti wa udongo. Alifunga nyumba mukanda ya zege. Nani anafunga nyumba mukanda? Nyumba ikitaka kupumua itapumulia wapi? Imekosa hewa, imepasuka. Mimi nilisema.

Jonan alitazama juu. Mkanda wa zege ulikuwa pale pale, umenyooka kama siku alipoumwaga, haukuachia hata unywele, na bati lote lilikuwa limekaa juu yake salama. Kama si mkanda ule, wangekuwa wanafukua sasa, si kunywa kahawa. Alitaka kusema. Alikunywa.

— Dawa yake rahisi, Afande aliendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tunaziba. Plasta kidogo, rangi kidogo, kwisha. Naimah abaki pale pale. Tutamwambia mama yake hivyo.

— Na benchi yetu, Duwane alisema, akiligonga kwa kifundo cha kidole, munaona? Asubuhi nchi yote inatikisika, hii haikusonga.

— Nilikuwa nawasha jiko, Siraje akashuhudia. Wallahi hata kikombe haikulia.

— Wangejenga Bwera yote kama hii benchi!

Ngurumo ilipita mbali, upande wa milimani. Siraje akapuliza mkaa.

Pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye chupa ya uji mkononi na kifurushi cha nguo za kitoto kwapani, akamlipa wa boda, akawaamkia wote mmoja mmoja kwa heshima. Alikuwa Musoki, kutoka Muhokya. Alisoma na Naimah, amekuja kuona mtoto.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Duwane alimsogezea nafasi. Kaa, dada. Kunywa kwanza. Ndani wamelala.

Musoki akakaa ukingoni. Siraje akampa kikombe. Akanywa polepole, akisikiliza habari ya chumvi, ya mpaka, na ya mlima ulionyooka mgongo. Hakubishana na mtu. Alitazama ufa, akatazama udongo, akavua kandambili moja na kuikagua chini, ikawa imeshika tope zito.

Alipofika kwenye machicha ya kahawa alisimama na kikombe chake, kama anavyofanya kila mtu aliyelelewa, akatafuta pa kumwaga kabla ya kukirudisha. Akaelekea kushoto, akasita. Akaelekea kulia. Akageuka barabarani, akaona barabara inateremkia kwao. Akarudi pale pale.

— Samahani, alisema. Nimwage wapi?

Siraje akanyoosha mkono mara moja, kwa mazoea, kuelekea chini ya benchi.

— Hapo, sisi siku zote tulikuwa tunamwaga hapo kwenye mawe ya mu...

Mkono ukabaki hewani.

— Kwenye nini? Musoki aliuliza.

Siraje akaushusha mkono.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Afande alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa dhahiri kwamba hata yeye hajui amesema nini.

Musoki alisubiri. Hakuwa na ujanja wowote usoni. Alikuwa mgeni na kikombe. Mwisho akainama, akamimina yale machicha kidogo, kwa adabu, mbele ya miguu ya Jonan. Udongo haukuyanywa. Ulikuwa umeshiba. Yakasimama kidogo, yakatafuta, kisha yakateleza, mstari mmoja mweusi, yakapita chini ya benchi kati ya mawe na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye ufa, yakaingia ndani.

Wote waliyaona yakiingia.

Duwane alitazama kofia ya Afande. Afande alitazama birika. Siraje alianza kufuta kikombe kilichokuwa safi. Jonan ndiye pekee aliyeendelea kutazama pale pale, na akasikia uso wake unashuka, unashuka, kama ukuta.

Ndipo sauti ikaja kutoka kwenye ufa. Walikuwa wamesahau kwamba ukuta uliopasuka unapitisha maneno sawasawa na maji.

— Hiyo kahawa imefika, sauti ilisema.

Ilikuwa ya Mariat. Haikuwa imepandishwa. Alikuwa karibu sana, upana wa tofali moja tu, na kwa jinsi alivyosema walielewa kwamba hakufika pale sasa hivi.

— Nimesikia malori. Nimesikia chumvi, na duwane, na mulima. Nimesikia munamutukana yule binti, na mukanda yake ndio imeshika bati juu ya kichwa yangu saa hii. Nilikuwa nasubiri mutu mumoja tu aseme mutaro. Mumoja.

— Mama Naimah... Afande alianza.

— Naimah hayuko hapa. Nilimutoa wakati mulikuwa Katwe. Nimemulaza chumba ya mbele juu ya robota za vitenge, yeye na mutoto. Amejiburuta na kidonda yake, mimi nimemubeba huku munacheka.

Mlango wa mbele ukalia. Kisha akatokea kwenye kona, kona ile ile, kitenge kimefungwa kiunoni. Safari hii mikono haikuwa na unga. Ilikuwa na jembe kwa mkono mmoja na sululu kwa mwingine. Alimwitikia Musoki salamu kwa kichwa, akaweka jembe chini. Lile sululu akalisogeza mbele mpaka mpini ukagusa goti la Jonan. Jonan akalipokea. Hakuthubutu kuinua macho. Aliona tu miguu ya mama huyo, peku, na tope lililokuwa linapanda katikati ya vidole.

Matone ya kwanza yakagonga bati, makubwa, yaliyoachana.

— Siku ile niliwauliza maji yatapita wapi, Mariat alisema, mukaniagiza chai. Leo siulizi. Mutoto amelala, na mvua ndio hii. Naomba musimame.